Jina Limebaki, Anwani Imehama

Tangu waya wa baharini wa SEACOM, uliotua Mombasa na Dar es Salaam, ulipoanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2009, na nyaya za TEAMS na EASSy zikaufuata muda si mrefu, nchi za Afrika ya Mashariki kutoka pwani hadi maziwa makuu ziliingia katika uhamaji mkubwa ambao watu wachache waliutambua. Kabla ya hapo, taasisi iliyotaka intaneti katika mahali kama Nyundo, kando ya barabara iteremkayo kutoka Kigali kuelekea Gisenyi na ziwa Kivu, aghalabu haikuwa na njia ila kuelekeza sahani angani, kwenye setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Na kwa kuwa mwenye kukodisha njia hiyo mara nyingi alikuwa kampuni ya Ulaya au ya Marekani, anwani za IP zilizotumika huko zilikuwa za kuazima, zilizoandikwa katika madaftari ya nchi za mbali. Nyaya zilipopanda kutoka pwani, na Rwanda ikatandaza waya wake wa taifa kupitia wilaya zake, sahani zikashushwa, mikataba ikabadilishwa, na anwani zile zikarejea kwa wenyewe. Jina la taasisi likabaki lile lile. Tarakimu zilizo nyuma ya jina zikawa nyingine.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa mtu anayeitwa siku ya pili baada ya uhamaji wa namna hiyo: msimamizi wa seva ya barua, ambaye hukabidhiwa malalamiko ya ofisi nzima na kuambiwa atafute kilichoharibika. Nausifu kwa sababu aghalabu hakuna kilichoharibika. Seva ni nzima, programu ni nzima, waya ni mzima. Kasoro imo katika kumbukumbu za wengine, yaani maelfu ya mitambo iliyotawanyika duniani ambayo ingali ikiamini habari za jana, na fundi hana mamlaka juu ya hata mmoja miongoni mwayo. Kazi yake ni kuisadikisha mitambo asiyoimiliki, kwa adabu na kwa mpango, habari mpya iliyo kinyume cha ile iliyoijua kwa miaka; na sijui kazi nyingine ya mikono inayomdai mtu subira na hakika kwa pamoja kiasi hiki.

Nyundo si mahali pageni kwa barua. Mapadri Weupe walianzisha misheni hapa mwaka 1901. Mwaka 1952 pakawa makao ya vikarieti chini ya Askofu Aloys Bigirumwami, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Mwaka 1959 vikarieti ikawa jimbo. Mahali penye kanisa kuu, seminari na shule ya sanaa hapawezi kukaa bila kuandikiana na dunia, na dunia kwa sasa huandikiana kwa baruapepe. Tuchukue basi taasisi moja ya mlimani, tusiyoitaja kwa kuwa ni ya mfano tu, iliyobadilisha mtoa huduma wake siku ya Ijumaa. Na Jumatatu asubuhi katibu akamwambia fundi maneno ambayo kila fundi wa kazi hii ameyasikia: barua zinaingia, lakini hazitoki. Au pengine zinatoka lakini haziingii. Au zinaingia kutoka kwa baadhi ya watu, na wengine wanaapa kwamba wameandika tangu juzi.

Fundi asiyekomaa husikia maneno hayo akaiwasha seva upya. Fundi hodari huuliza kwanza: zinaingia kutoka kwa nani, na zinakataliwa na nani, na zikikataliwa hurudi na maneno gani? Kwa maana kuingia na kutoka ni mambo mawili yenye asili mbalimbali, na aliyeyachanganya atakuwa akitafuta kusini kilichopotea kaskazini.

Kuingia kwa barua hutegemea majina. Mpango wa majina, ambao mafundi huuita DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris wa Chuo Kikuu cha Southern California mwaka 1983, baada ya ule wa kwanza kuelemewa. Hapo zamani mitambo yote ya mtandao iliandikwa katika faili moja tu, HOSTS.TXT, iliyotunzwa California na Elizabeth Feinler na wenzake, na kila mwenye mtambo alilazimika kuchukua nakala mpya kila mara. Mockapetris aliligawa daftari hilo, ili kila mwenye jina atunze ukurasa wake mwenyewe; na ili mwenye jina asiulizwe swali moja mara elfu kwa saa, akamruhusu kila muulizaji kulihifadhi jibu kwa muda ambao mwenye jina ameutaja, muda huo ukaitwa TTL na kuhesabiwa kwa sekunde. Mwaka 1986 ikaongezwa rekodi ya MX, ambayo husema barua za jina fulani zipelekwe kwenye seva fulani, hata kama tovuti na mambo mengine ya jina hilo yako kwingine kabisa.

Hapo katika TTL ndipo busara ya fundi hudhihirika, nayo hudhihirika kabla ya tatizo kuwapo. Jina lililoandikiwa 86,400 limewaruhusu waulizaji wote wa dunia kukaa na jibu la zamani siku nzima, na katika siku hiyo barua zitapelekwa kwenye mlango uliokwisha kufungwa. Kwa hiyo fundi mwenye nadhari hupunguza hesabu hiyo siku kadhaa kabla ya kuhama, akaandika 300, akangoja ule muda mrefu wa kwanza uishe katika kumbukumbu za watu, ndipo akahama. Na akiweza huiacha anwani ya zamani ikipokea kwa siku chache, kwa ajili ya mitambo mikaidi isiyoheshimu muda iliopewa. Mambo yakitulia, huirudisha hesabu juu. Lau angeipunguza hesabu siku ya kuhama yenyewe isingemfaa kitu, kwa sababu waliokwisha kupewa ruhusa ya siku nzima hawarudi kuuliza kama ruhusa imefupishwa.

Iko hila nyingine ndogo ambayo huwatesa hata waliozoea. Mitambo huhifadhi majibu, na huhifadhi pia kukosekana kwa majibu. Mwenye haraka akiuliza jina jipya kabla halijaandikwa, seva aliyoiuliza humjibu kwamba jina halipo, kisha huukumbuka ukanushi huo kwa muda uliowekwa, kwa kanuni iliyotengenezwa rasmi mwaka 1998. Na jina likija kuandikwa dakika mbili baadaye, yeye peke yake, aliyekuwa na shauku kuliko wote, ndiye atakayeendelea kuambiwa halipo. Nimewaona vijana wakilifuta na kuliandika upya jina lililo sahihi kabisa, kwa sababu tu waliuliza mapema.

Kisha kuna namba ya toleo. Ukurasa wa majina huwa na namba yake, aghalabu iliyoundwa kwa tarehe, mathalani 2024051501, na seva za akiba, ambazo kwa desturi njema huwekwa mahali mbalimbali ili moja ikianguka nyingine isimame, huitazama namba hiyo tu ili zijue kama kuna jipya. Aliyebadilisha anwani akasahau kuongeza namba amewaacha wasaidizi wake na habari ya zamani, nao huitoa kwa uaminifu kamili. Nusu ya dunia hupata jibu jipya na nusu la kale, ikitegemea ni seva ipi iliyoulizwa, na ofisi husema kwamba hitilafu hiyo huja na kwenda kama homa. Na ikiwa taasisi inaendesha seva ya majina yake yenyewe, anwani ya seva hiyo imeandikwa pia ngazi ya juu, kwa wasajili wa .rw, ambayo tangu mwaka 2012 iko mikononi mwa Wanyarwanda wenyewe kupitia shirika la RICTA. Na huko nako lazima ibadilishwe, ama sivyo dunia itaelekezwa kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Hayo yote, hata hivyo, ni mepesi, kwa sababu yamo katika mamlaka ya mwenye jina. Uzito uko katika kutoka.

Seva inapopeleka barua, seva inayopokea huiona tarakimu inayogonga mlango, na kabla ya kusoma neno lolote huuliza: tarakimu hii jina lake nani? Swali hilo huelekea kinyume cha lile la kwanza. Anwani 203.0.113.25, mathalani, hugeuzwa ikawa 25.113.0.203.in-addr.arpa, na jibu lake huitwa rekodi ya PTR. Mpokeaji akipata jina, huligeuza tena kuwa tarakimu, na zikilingana humhesabu mgeni kuwa mtu anayejulikana. Zisipolingana, au jina lisipokuwapo, wengi hufunga mlango. Basi tazama ajabu ya jambo hili: ukurasa wa majina ni wa taasisi, lakini ukurasa wa tarakimu ni wa mwenye tarakimu. Jina ni lako, kama ulilopewa na baba. Anwani ni chumba cha kupanga, na kibao cha mlangoni hubandikwa na mwenye nyumba. Katika Afrika madaftari ya tarakimu hutunzwa na AFRINIC, yenye makao Ebène katika kisiwa cha Morisi, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. AFRINIC humkabidhi mtoa huduma ukurasa wa fungu lake, na mtoa huduma ndiye anayeandika, au anayesahau kuandika, jina la mpangaji wake. Fundi wa Nyundo anaweza kuijua kazi yake kuliko wote wa Kivu, na asiwe na uwezo wa kusahihisha mstari huo mmoja.

Hapa ndipo ufundi unapohama kutoka vidoleni kwenda kwenye kalamu. Mtu aliye upande wa pili wa simu ya mtoa huduma aghalabu ameajiriwa kuzungumza habari za kasi na bei, na neno PTR hajapata kulisikia. Fundi akimwambia kwamba baruapepe hazitoki, atajibiwa kwamba intaneti inafanya kazi, na jibu hilo ni kweli. Fundi hodari huandika ombi ambalo haliwezi kufahamika vingine: anwani hii, itajwe kwa jina hili, jina lenyewe limekwisha kuelekezwa kwenye anwani hii na unaweza kuhakikisha, tafadhali lifikishe kwa wanaosimamia seva zenu za majina. Na mteja mwenye anwani chache, pungufu ya fungu kamili la 256, anayetaka kujiandikia mwenyewe bila kuomba kila mara, anaweza kukumbusha kwamba njia ya kumkabidhi kipande chake ilikwisha kuwekwa katika kanuni tangu mwaka 1998. Nimesoma barua za watu wenye shahada kubwa zisizokuwa na uwazi wa ombi zuri la namna hii.

Na huku akingoja, husoma logi. Barua iliyokataliwa hurudi na namba, na namba husema. Inayoanza na 4 ni ya kuahirishwa: rudi baadaye. Inayoanza na 5 ni ya kukataliwa kabisa, na baada yake huja sentensi moja au mbili za sababu, ambazo watumiaji huzifuta pasipo kuzisoma na ambazo kwa fundi ni hazina. Humo ndimo atakamojua kama kosa ni la PTR, au la jina ambalo seva hujitambulisha nalo inapobisha hodi, au kwamba barua zinatokea kwenye anwani nyingine kabisa, kwa kuwa kifaa cha mpakani mwa mtandao huzipokea kwa mlango mmoja na kuzitoa kwa mwingine ambao hakuna aliyeuandika popote.

Humo pia atakuta hukumu iliyo ya uonevu kuliko zote, yaani kuhukumiwa kwa makosa ya mpangaji aliyetangulia. Tangu Paul Vixie alipoanzisha orodha ya kwanza ya anwani zinazomwaga barua taka mwaka 1997, na Spamhaus kuzaliwa mwaka uliofuata, wapokeaji wa dunia wamezoea kuitazama orodha kabla ya kufungua. Orodha hizo zimeifaa dunia, sizikanushi. Lakini ghala kuu la anwani za IPv4 lilimalizika Februari 2011, na tangu hapo anwani nyingi anazopewa mteja mpya zimekwisha kupita mikononi mwa wengine. Huenda jana zilikuwa za laghai. Isitoshe, wako wasimamizi wa mbali ambao, kwa uvivu, walifunga milango kwa nchi nzima nzima za Afrika, wakaona hilo ni usalama. Fundi akikuta anwani yake mpya imeandikwa, hapigi kelele. Huhakikisha kwanza kwamba seva yake ni safi kweli, huomba kufutwa kwa utaratibu uliowekwa, kisha hupeleka barua kidogo kidogo kwa siku za mwanzo, maana heshima ya anwani hujengwa polepole hata kwa asiye na hatia.

Nitataja rekodi mbili nyingine kwa haraka. Ya kwanza ni SPF, ambayo mwenye jina hutangaza ndani yake ni tarakimu zipi zenye idhini ya kupeleka barua kwa jina lake, na mwisho wake mara nyingi huandikwa -all, yaani wengine wote wakataliwe. Taasisi ikihama bila kuongeza tarakimu mpya humo, seva yake yenyewe huhesabiwa laghai kwa ushahidi wake mwenyewe. Ya pili ni DKIM, sahihi inayofungwa juu ya barua kwa hesabu za siri, nayo haijali kabisa barua imetoka kwenye tarakimu gani. Kwa hiyo aliyeiweka mapema huona uhamaji wake ukiwa mwepesi, kwa sababu barua zake zina kitu cha kutambulikana nacho kisichobadilika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti ya mambo haya kwa kila mpelekaji, na zaidi kwa wenye kupeleka barua nyingi, hata yaliyokuwa adabu ya mafundi makini yakawa faradhi.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Gisenyi amejaliwa kuliko mtu wa mji mkuu, nalo ni mpaka. Hitilafu za majina hazionekani kutoka ndani: kompyuta za ofisini huuliza seva ya ofisini, ambayo hujibu kwa anwani ya ndani, na kila mtu akasema mambo ni mazuri. Lazima uulize ukiwa nje. Fundi wa huko huazima simu ya mfanyabiashara mwenye laini ya Kongo, akauliza kwa njia ya Goma, na mara moja huona kama jirani anaona jibu lile lile analoliona yeye. Kisha hutumia amri ya dig kufuata swali kutoka shina, yaani zile seva kuu zenye majina 13, kuteremka hadi .rw, na kutoka .rw hadi kwenye ukurasa wake, ngazi kwa ngazi, hata apate mahali ambapo jibu hubadilika. Na ng'ambo hiyo ya Goma watu wamepata kuonja msiba mkubwa zaidi wa aina hii: nchi yao ilipoacha kuitwa Zaire mwaka 1997, hata herufi za .zr zilizokuwa mwisho wa majina yao zilibadilishwa zikawa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Sisi tunaolalamikia kubadilisha tarakimu tumesamehewa mengi.

Si kila uhamaji hupewa nafasi ya kupangwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua zilileta maporomoko na mafuriko katika Mkoa wa Magharibi, mto Sebeya ukafurika na kuingia Nyundo, na katika nchi watu wapatao 130 walipoteza maisha. Mbele ya msiba kama huo seva si kitu, wala sitaki kuzipima pamoja. Lakini nchi yenye milima na mito ya namna hii humfundisha fundi kwamba siku moja mtambo utahamishwa pasipo taarifa, na hapo atashukuru wale waliotunga kanuni za barua, kwa kuwa walizitunga kwa huruma: seva inayopeleka, ikikuta mlango umefungwa, haiitupi barua, bali huiweka foleni na kurudia tena na tena, na kanuni inataka isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kwa hiyo mwenye siku 2 za giza hajapoteza kitu, maadam asiwe amefungua mlango nusu nusu na kujibu kwa namba ya 5. Mara nyingi heri seva iliyozimwa kabisa kuliko iliyowashwa na maandishi yasiyokamilika.

Maarifa haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yaliletwa kwa mafunzo, na sehemu kubwa kwa mikutano ya AfNOG, chama cha waendeshaji mitandao wa Afrika, kilichokutana mara ya kwanza Cape Town mwaka 2000, kikafika Kigali mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011, ambako Waafrika walifundishana kuendesha majina na barua wakiwa wameketi kwenye mitambo hasa, si kwa kusoma vitabu tu. Ndiyo maana leo yuko kijana katika wilaya ya mpakani anayeweza kuiandikia kampuni kubwa ya ng'ambo, akaieleza kwa staha ni mstari upi wa daftari lake uliopitwa na wakati, naye akawa ndiye mwenye haki.

Basi wewe mkuu wa shule, wa hospitali, wa jimbo au wa chama cha ushirika, utakapoletewa mkataba mpya wa intaneti na kuelezwa uzuri wa kasi yake, usitie saini kabla hujamwita fundi wako wa barua na kumwuliza anahitaji siku ngapi za kujitayarisha. Mpe siku hizo zote, usimhesabie kuwa ni uzembe, na umwagize mtoa huduma aandike ndani ya mkataba wenyewe, penye bei na kasi, kwamba rekodi ya PTR ya seva yako itawekwa kwa jina lako kabla ya waya wa zamani kukatwa.